Dawa imenirudisha kwa watoto wangu, lakini nasinzia mbele ya msumeno

Shikamoo mama mshauri. Kamwene na kwenu wasomaji wa huku kwetu.

Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 37, naishi Mafinga. Kazi yangu ni kupasua mbao kwenye dingdong. Kwa msomaji wa mbali asiyeijua, ni mashine ndogo ya msumeno wa duara inayoendeshwa na injini ya dizeli, tunaihamisha msituni kufuata magogo yalipo. Mimi ndiye ninayesukuma gogo kwenye msumeno, mwenzangu anasimama upande wa pili anapokea ubao na kutupa mabanzi pembeni. Mshahara hatuna. Tunalipwa kwa idadi ya mbao tulizotoa, kwa hiyo anayesukuma akipunguza kasi, timu nzima inarudi nyumbani na pungufu.

Mwaka jana kiangazi, moto wa mtu aliyekuwa anasafisha shamba ulimshinda, ukaruka barabara na kuteketeza paina zangu zote. Nilizipanda mwaka aliozaliwa binti yangu mkubwa, hesabu yangu ikiwa ni zimsomeshe yeye na wadogo zake. Zilibakiza muda mfupi nivune. Watu walikuja kunipa pole, nikawajibu ni mipango ya Mungu, nikarudi kazini. Kumbe nilikuwa naharibika ndani kwa ndani. Nikawa naamka saa nane usiku naangalia bati mpaka kunakucha. Chakula kikaisha ladha. Watoto wakicheka nasikia kelele tu. Ikafika mahali nikilala naomba bora nisiamke. Mke wangu ndiye aliyeona kwamba hili si la kujikaza, akaniongoza hospitali. Daktari aliniuliza maswali mengi, akasema nina sonona, akanianzishia amitriptilini kidonge kimoja cha miligramu 25 usiku. Baadaye vikawa viwili, na tangu Machi navimeza vitatu.

Mama, dawa hizi zimenisaidia, lazima niseme ukweli. Nilianza kula. Nilianza kumuuliza binti yangu habari za shule na kusikiliza jibu. Kuna jioni moja nilijikuta nacheka, mke wangu akanigeukia akanitazama kwa muda bila kusema neno.

Tatizo ni usingizi wa mchana. Asubuhi naamka kichwa kizito, mdomo mkavu, na nikiinuka kitandani kwa haraka nayumba. Natoka na pikipiki yangu kwenda msituni nikiwa bado sijaamka vizuri. Ikifika saa nne, saa tano hivi, macho yako wazi lakini mimi mwenyewe sipo. Mwezi wa nne tulikuwa na gogo refu, injini inanguruma, nikasinzia nimesimama. Nilizinduliwa na mwenzangu akipiga kelele. Kuangalia, glovu ya mkono wa kulia ilikuwa imechanwa na meno ya msumeno kwenye kidole gumba. Ngozi ilikuwa nzima, haikuguswa. Tulimwambia bosi kwamba glovu ilikuwa mbovu.

Tangu siku hiyo nikajipangia mwenyewe utaratibu. Nameza dawa Ijumaa na Jumamosi tu, kwa sababu Jumamosi hatupasui, tunapanga na kupakia mbao, na Jumapili tunapumzika. Siku nyingine naruka. Katikati ya wiki usingizi umepungua, ila Jumatatu bado nakuwa mzito. Lakini saa nane ya usiku imeanza kurudi. Kuna siku nakuwa na kichefuchefu bila sababu. Juzi nilimfokea mtoto wangu wa mwisho kwa kumwaga maziwa, nikafoka mpaka nikajiogopa, nikatoka nje kukaa peke yangu.

Si kwamba sijajaribu njia nyingine. Kahawa nakunywa. Alfajiri naoga maji ya baridi, na baridi ya Mafinga mnaijua. Na ujue, mama, siishi hovyo. Jioni naangalia mpira na wenzangu, narudi nyumbani nameza dawa saa tano usiku, nalala, saa kumi na moja alfajiri nimeamka. Sigara sivuti. Vumbi la mbao linanipa mafua yasiyoisha, kwa hiyo Piriton haikosi mfukoni, lakini hiyo ni dawa ya dukani tu. Pombe ni ulanzi kidogo, ule utokao kwenye mianzi, wikiendi na watu wa rika langu. Nayataja haya ili uone kwamba usingizi huu hauna mzazi mwingine zaidi ya vile vidonge vitatu.

Kaka yangu anasema niachane na dawa za vichaa nitaishia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, nikaombewe. Bosi hajui kitu. Nikimwambia natumia dawa ya akili, kesho yake atakuwa na mtu mwingine, maana vijana wanaotafuta kazi wanasimama barabarani kila asubuhi. Daktari naye sijamwambia kwamba naruka. Mlango wa chumba chake unakuwa wazi, foleni yote inasikia, na naogopa atanibadilishia dawa iliyonitoa kaburini.

Naomba unisaidie kufikiri. Niache dawa nibaki na kazi, au niendelee na dawa nitafute kazi nyingine? Na bosi nimwambie au ninyamaze?

Baba wa watatu, Mafinga

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Kamwene na wewe, na msalimie sana mama watoto, kwa sababu mke anayeweza kuutofautisha uchovu na ugonjwa, kisha akakushika mkono hadi hospitali, ni msaada mkubwa ulio nao tayari. Pole kwa zile paina. Miti ya miaka yote ile, iliyopandwa kwa jina la mtoto, haiishi kwa kuambiwa pole mara moja, na sishangai kwamba ulikaa miezi unajibu ni mipango ya Mungu huku unazama.

Nikikuelewa vizuri, umesimama kati ya hofu mbili. Ukimeza dawa, unaogopa msumeno. Usipomeza, unaogopa zile usiku za kuangalia bati, na unaogopa sauti yako mwenyewe mbele ya mtoto. Kwa hiyo umeniwekea njia mbili mezani, dawa au kazi. Nataka tukae nayo kidogo hii hesabu yako, maana naona kuna mengi kati ya hizo njia mbili ambayo hujayagusa bado, na baadhi yamo ndani ya barua yako mwenyewe.

Kabla ya hapo, kuna jambo ambalo haliwezi kusubiri mpaka tumalize kufikiri. Kila mara nimesoma barua yako nimekwama kwenye ile glovu. Mtu aliyewahi kusinzia amesimama mbele ya msumeno wa duara hajui atasinzia tena lini, kwa sababu usingizi wa namna hiyo haupigi hodi. Je, wiki hizi unaweza kuomba uwe upande wa kuviringisha magogo au kupanga mbao, mwingine asukume? Sisemi ubadilishane na anayepokea, yule naye yuko karibu na meno yale yale. Najua mgao unaweza kupungua. Najua pia mtaulizwa. Lakini maumivu ya mgongo yamewatoa wanaume wengi kwenye mashine kwa mwezi mmoja bila kijiji kuitisha kikao. Na pikipiki ya alfajiri nayo nina wasiwasi nayo. Kama kuna mwenzako mnayepita njia moja, panda nyuma yake kwa sasa.

Sasa turudi kwenye usingizi wenyewe. Umeniambia hauna mzazi mwingine isipokuwa vile vidonge vitatu. Mimi nimemwona mzazi wa pili, wa tatu, na pengine wa nne.

Anza na mfuko wako. Amitriptilini inaleta usingizi kwa sababu, pamoja na kazi yake nyingine, inaziba njia ya histamini kwenye ubongo, na histamini ndiyo mojawapo ya kemikali zinazotuweka macho. Piriton, ambayo ndani yake kuna klorofeniramini, inaziba njia hiyo hiyo. Zote mbili hukausha mdomo pia. Maana yake ni kwamba kila ukipiga chafya ukameza Piriton, unaiongezea nguvu ileile dawa unayoilalamikia, tena mchana, tena kazini. Kununuliwa dukani bila karatasi ya daktari hakuifanyi kuwa dawa ndogo. Zipo dawa za mzio ambazo hazilazi sana, loratadini kwa mfano. Mwulize daktari kama inakufaa. Na barakoa ya kuzuia vumbi puani na mdomoni inaweza kukupunguzia yale mafua kabla hujafikiria dawa yoyote.

Kisha tuangalie saa. Unameza saa tano usiku, unaamka saa kumi na moja alfajiri. Hata ukilala papo hapo, hizo ni saa sita, na wengi wetu hatulali papo hapo. Mtu asiyetumia dawa yoyote akilala hivyo wiki nzima na kufanya kazi ya nguvu kama yako, atasinzia. Halafu dawa yenyewe, ukiimeza saa tano, alfajiri inakukuta bado ina nguvu sana mwilini. Amitriptilini haitoki haraka. Kwa watu wengi huchukua kati ya saa 10 na 28 ili nusu tu ya kiasi ulichomeza itoke kwenye damu. Ndiyo maana madaktari wengi humwambia anayeamka mzito aisogeze nyuma, aimeze saa mbili usiku au hata saa moja, ili ule uzito mkubwa umpate kitandani. Ni badiliko dogo la saa, na kwa wengine hutosha kabisa. Kwako lina gharama: mpira wa Ulaya wa usiku utakupita, na pamoja nao ile jioni ya wenzako. Usilichukulie kirahisi hilo. Kwa mtu mwenye sonona, kukaa na watu nako kunatibu. Labda mpira wa Jumamosi na Jumapili unaochezwa mapema ubaki, na ule wa katikati ya wiki usimuliwe kesho yake.

Ulanzi. Sikukemei, mwanangu, nami nimekulia kwenye nyumba zilizozungukwa na mianzi. Lakini tazama kalenda yako mwenyewe: siku unazomeza dawa ni Ijumaa na Jumamosi, na siku unazokunywa ulanzi ni wikiendi. Umezikutanisha usiku mmoja. Pombe na amitriptilini zinasukuma upande mmoja, usingizi unakuwa mzito zaidi na mtu anaweza kuanguka akiinuka usiku. Na ulanzi tunaufahamu, unazidi ukali kadiri unavyokaa, wa asubuhi na wa jioni si kinywaji kimoja, kwa hiyo neno kidogo halitupi kipimo. Sitashangaa kama sehemu ya ule uzito wa Jumatatu inatoka hapo.

Kuna jambo jingine ambalo daktari ndiye mwenye uwezo wa kuliangalia. Usingizi wa mchana unaweza kutoka kwenye upungufu wa damu, au kwenye tezi ya shingo ikilegea kazi yake. Wazee wetu wa nyanda za juu waliijua rovu, ule uvimbe wa tezi shingoni, vizuri kabla chumvi yenye madini joto haijaenea, na tezi ikilegea mtu huwa mzito, mwenye huzuni na mwenye kusikia baridi kuliko wenzake. Mwulize pia mama watoto kama unakoroma sana, hasa kama unakata pumzi usingizini kisha unashtuka. Sisemi una lolote kati ya haya. Nasema hukumu yako kwamba ni vidonge tu imetolewa kabla mashahidi hawajasikilizwa.

Nije kwenye utaratibu uliojipangia, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu nadhani ndipo unapoumia pasipo kujua. Ulifanya hivyo baada ya kuona mkono wako ukiponea chupuchupu. Baba yeyote mwenye watoto wa kulisha angetafuta la kufanya haraka, na wewe ulitafuta. Lakini amitriptilini haifanyi kazi kama Panadol, kwamba unaimeza siku unayoihitaji. Faida yake kwenye sonona hujengeka polepole, kwa kawaida wiki mbili hadi nne ndipo mtu aanze kuona nafuu, na zaidi ya hapo kufikia nafuu kamili. Ni sawa na mbao mbichi mnazozipanga zikauke: ukizifunua na kuzinyeshea kila baada ya siku mbili, hazitakauka kamwe hata zikikaa msimu mzima.

Usingizi wenyewe una tabia ya kinyume. Huja mapema, siku za kwanza, na kwa watu wengi hupungua mwili ukizoea, kisha hurudi kwa muda dozi ikipandishwa. Sasa ona kinachotokea kwako. Kila Ijumaa unarudi na vidonge vitatu kwa mpigo, baada ya siku kadhaa bila hata kimoja. Mwili haupati nafasi ya kuzoea, unaanza upya kila wikiendi. Unabeba uzito wa dawa, lakini faida yake huipati. Kile kichefuchefu cha katikati ya wiki, ile hasira ya maziwa, hata kuamka usiku, vinaweza kuwa mwili unalalamika kwa kukatiwa dawa ghafla; wengine huumwa kichwa pia. Au inaweza kuwa sonona inarudi. Kwa nje vinafanana, na mimi kwa barua siwezi kuvitenganisha. Mtu aliyekupima ndiye anayeweza, lakini hawezi kama anaamini unameza kila siku. Akiona unarudi kuzama, hesabu yake itamwambia vidonge vitatu havitoshi, akuongezee cha nne.

Kwa hiyo usiniulize kama urudie vitatu kila usiku kuanzia leo. Baada ya kuruka kwa muda, namna ya kurudi nayo apange daktari, na usisubiri tarehe ya kliniki kama iko mbali.

Unaogopa kumwambia kwa sababu mbili, na zote naziheshimu. Ya kwanza ni mlango. Hili lina dawa rahisi kuliko unavyofikiri: andika kwenye karatasi nyumbani, umpe mkononi bila kusema neno. Andika hivi kama unataka: nimekuwa nikimeza vitatu saa tano usiku, nilisinzia kwenye msumeno, sasa nameza siku mbili tu kwa wiki, natumia Piriton karibu kila siku, nakunywa ulanzi wikiendi, nimeanza tena kuamka saa nane. Mistari michache hiyo itamwambia mengi ambayo angekuuliza huku foleni inasikiliza. Na una haki ya kumwomba afunge mlango. Sema tu, daktari, naomba tufunge kidogo. Wengi wanafunga.

Ya pili ni kubadilishiwa dawa. Hebu tuitazame hofu hiyo machoni. Daktari ana njia kadhaa kabla ya kufika huko. Anaweza kusogeza saa. Anaweza kushusha vidonge kutoka vitatu hadi viwili na kuangalia kama nafuu inabaki. Hatari yake ni kwamba kiasi kidogo kinaweza kisitoshe, na hilo huonekana polepole, kwa hiyo wewe na mkeo mtapaswa kuwa macho. Na ndiyo, anaweza kubadilisha. Fluoksetini, kwa mfano, kwa kawaida humezwa asubuhi na kwa watu wengi hailazi kama hii. Mtu wa mashine anaweza kuipenda kwa sababu hiyo. Lakini nayo ina yake: wiki za mwanzo inaweza kuleta kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi usiku, inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, na nafuu yake nayo inangojewa kwa wiki. Hiyo ya kukosa usingizi usiku uipime vizuri, wewe ambaye ugonjwa wako ulianzia na saa nane. Na tafadhali, asije rafiki akakuazima fluoksetini ukachanganya na vidonge ulivyo navyo. Fluoksetini huzuia mwili kuivunja amitriptilini, kiwango chake kwenye damu kikapanda hadi kuwa hatari. Kuvuka kutoka dawa moja kwenda nyingine ni kazi ya kusimamiwa.

Kama hapo ulipo uchaguzi ni mdogo, unaweza kuomba rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina kitengo cha afya ya akili, na si dawa tu utakayozungumzia huko. Katika barua yako yote sikuona mahali ambapo umekaa na mtu mkazungumza kuhusu ule moto. Dawa imekupa nguvu ya kumsikiliza binti yako. Nani anakusikiliza wewe?

Na hapa niulize wazi, kwa sababu uliandika kwa mstari mmoja ukapita. Lile ombi la kulala usiamke, limerudi pamoja na saa nane? Likirudi, mwambie mke wako usiku huohuo, na mfike kituo cha afya siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki. Vidonge avitunze yeye, mahali pa juu penye kufuli. Amitriptilini ikizidi kipimo hushambulia moyo, na una watoto wadogo ndani ya nyumba.

Kuhusu hizo mbinu zako, kahawa ni nzuri asubuhi. Ikipita saa tisa alasiri inaanza kukudai usiku. Maji ya baridi yatakuamsha kwa dakika chache, hayatakufikisha saa tano, na kwa mtu anayeyumba akiinuka ningependa ukae kitandani kidogo kwanza, miguu chini, ndipo usimame. Kulala dakika ishirini baada ya chakula cha mchana kivulini kunasaidia kuliko watu wanavyodhani, ila kazi yenu ya kuhesabiwa ubao sijui kama inaruhusu.

Kaka yako usimkasirikie. Jina la Mirembe limetumika kututisha tangu tukiwa watoto, na anayekutisha nalo mara nyingi anaogopa kukupoteza. Maombi nenda, ukipenda nenda naye, hakuna dawa inayogombana na maombi. Ila mweleze kwamba amitriptilini imekuwa ikitumika duniani tangu miaka ya 1960, na kwamba kidonge hichohicho hupewa watu wenye maumivu ya mishipa ya fahamu na wenye kipandauso. Kukimeza hakumfanyi mtu kuwa kichaa.

Hiyo inatufikisha kwa bosi. Hapa siwezi kukuchagulia, kwa sababu simjui na wewe unamjua. Ninachoona ni kwamba umeliweka swali kama kuna kusema kila kitu au kunyamaza kabisa. Kati yake kuna sentensi moja ya kweli: natumia dawa inayoleta usingizi, kwa muda nisikae kwenye msumeno. Ugonjwa wenyewe ni siri yako na daktari. Daktari anaweza pia kukuandikia karatasi inayosema hivyo tu. Bosi mwenye akili ataona ni nafuu kuliko ajali kwenye mashine yake. Bosi wa aina nyingine anaweza kukuweka pembeni, na siwezi kukuhakikishia kwamba hatafanya hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Lakini kwa anayelipwa kwa ubao bila karatasi yoyote ya mkataba, haki hiyo ni ngumu kuishika mkononi, na nisingependa uingie ofisini kwake ukiitegemea peke yake.

Ukinyamaza, napo kuna mtu anayelipa. Mwenzako wa upande wa pili alipiga kelele, akaokoa mkono wako, kisha akasema nawe kwamba glovu ilikuwa mbovu. Anaijua nusu ya habari, na kila asubuhi anasimama mbele ya msumeno uleule akijiuliza kama leo uko macho. Pengine kabla ya bosi ni yeye wa kuzungumza naye. Yeye ndiye mtakayepanga naye nani asukume wiki hizi, na kama ni mtu wa siri, atakusaidia pia kupima bosi atalipokeaje. Kama si wa siri, habari itafika kwa bosi kabla yako. Wewe unamjua.

Kazi nyingine sijaigusa kwa makusudi. Huenda siku moja ukataka kuachana na msumeno, na Mafinga haikosi kazi za mbao zisizo na meno. Lakini uamuzi huo ningependa uufanye ukiwa umelala vizuri mwezi mzima, dawa ikiwa imekaa sawa, si wiki hii ambayo mwili wako unavutwa huku na huku.

Ukienda kwa daktari, beba pakiti zote ulizo nazo, pamoja na ile Piriton, na umwombe mama watoto aingie nawe ndani. Yeye ndiye anayejua unalala vipi. Kisha niandikie tena, nijue daktari amesema nini kuhusu saa ya kumeza, na kama mwenzako amekubali kushika upande wako.